Boneti Aliyoiacha Shoto

Katika gereji ile, msasa ulikuwa na mpaka. Upande mmoja wa rafu ilikaa misasa mikali: arobaini, themanini, mia na themanini. Hiyo ilikuwa ya Shoto. Upande wa pili ilikaa misasa laini, kuanzia mia tatu na ishirini kwenda juu, mpaka ile ya maji ambayo ukiipitisha shavuni utadhani ni karatasi ya kufungia zawadi. Hiyo ilikuwa ya mdogo wake, na kwa sababu hiyo watu walimwita Laini, ingawa mwenyewe alikuwa mtu wa mifupa mitupu na sauti ya kukwaruza.

Asiyejua mambo ya msasa na ajue jambo moja tu: namba huandikwa mgongoni, na namba ikiwa ndogo, chenga zake ni kubwa. Themanini inakula. Mia na themanini inafuta meno ya themanini. Mia tatu na ishirini inafuta meno ya mia na themanini. Kila msasa kazi yake ni kufuta alama za uliotangulia. Ukiruka mmoja, alama zinabaki chini zinangoja. Praima, ile rangi ya msingi, itazifunika, rangi itazifunika, na siku rangi itakapokauka sawasawa na kuzama, zitachomoza juani kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Ndugu hao walifanya kazi hivyo tangu ujana wao. Shoto ananyoosha bati, anapaka puti ya kujazia mabonde, anaichonga kwa themanini, anaisafisha kwa mia na themanini. Halafu anagonga bati kwa kifundo cha kidole na kusema, "Haya, chukua mtoto wako," na kwenda zake. Hapo ndipo Laini anapoinuka na kibao chake cha kuzungushia msasa. Hakuna aliyevuka. Siku moja Laini alinyoosha mkono kwenye boksi la themanini, apunguze tu kona moja, na Shoto akamnyang'anya.

"We ukinishikia huyu, mimi nikakushikie mkeo?"

Laini hakuwa na mke wakati huo, na hata sasa hakuwa naye, kwa hiyo watu walicheka mara mbili.

Shoto alifia bombani. Alikuwa anachonga boneti ya gari la Mkunga, iliyoangukiwa na tofali kutoka kwenye jengo lililokuwa likijengwa. Akaweka kibao chake juu ya bati, akasema anakwenda kunawa ale. Fundi wa mabomba ya moshi wa banda la jirani, ambaye wote walimwita Moshi, alisikia kishindo akadhani ni ndoo.

"Shoto!" alipaza sauti. "Umeshindwa na mke, sasa unapigana na ndoo?"

Hakujibiwa. Daktari alisema ni moyo. Shoto hakuwahi kuulalamikia moyo, alilalamikia magoti.

Katika purukushani ya siku ile, Moshi kwa wema wake aliokota vifaa vyote vilivyozagaa. Alipangusa vumbi, akarudisha kibao na misasa kwenye rafu, akaifunika boneti kwa shuka kuukuu. Hapakubaki kitu cha kuonyesha Shoto alikuwa amefikia msasa gani, isipokuwa boneti yenyewe, kwa mwenye macho ya kuisoma.

Msibani Laini alifanya yote yanayompasa ndugu wa marehemu. Alipanga viti, alipokea pole, alibeba, alishika koleo. Alichoshindwa ni kulia. Shangazi yake alimvuta pembeni akamshika mabega.

"Lia, mwanangu. Machozi hayatozwi ushuru."

"Nitalia, shangazi."

"Lini?"

"Sijui."

Alijaribu. Alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama uso ukutani, akamfikiria kaka yake, akangoja. Aliona jinsi ukuta ulivyopigwa lipu vibaya. Baada ya muda alirudi kupanga viti. Ilikuwa kama mtu aliyelalia mkono usiku kucha: anauona, ni wake, lakini akiubana hausemi kitu. Watu walimtazama wakanong'onezana kwamba huyu ana roho ngumu, wengine wakasema ana imani. Yeye alizisikia pande zote mbili na hakuona la kubishia.

Msiba ulipokwisha na watu kutawanyika, shemeji yake alimwita. Mjane wa Shoto ndiye aliyepokea wateja pale gereji, aliyepiga simu, aliyefunika vioo kwa magazeti na utepe kabla ya rangi kupulizwa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono ya haraka. Siku hiyo mikono ilikuwa imetulia mapajani.

"Shemeji, kaa."

Akakaa.

"Kaka yangu ameniambia nirudi nyumbani na watoto. Ana nafasi, ana moyo. Nimemwambia asubiri kidogo. Watu wanasema gereji imezikwa na mwenyewe. Mimi sijui. Mle ndani limebaki gari moja tu, la Mkunga. Likitoka vizuri, kama magari yetu yalivyokuwa yakitoka, tunaendelea, mimi na wewe. Likitoka ovyo, nafunga. Nauza vifaa, nabeba watoto, nakwenda kwetu. Sikutishi, shemeji. Nakwambia nilivyokata shauri."

"Sawa."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia."

Alikuwa amesikia. Alijua maana yake. Watoto wa kaka yake, waliomwita baba mdogo na kumpekua mifuko kila jioni, wangehamia mbali. Banda lingechukuliwa na mtu wa matairi. Yeye angeomba kazi kwenye gereji ya mtu mwingine, ambako mafundi huanza na kumaliza wenyewe, na wangemcheka fundi anayejua nusu ya kazi. Alijua yote hayo kama mtu anavyojua saa za basi asilolipanda.

Asubuhi iliyofuata alifungua banda, akaivua boneti shuka.

Puti ilikuwa kavu, ya rangi ya majivu, imetanda katikati ya boneti kama ramani ya nchi isiyo na mito. Juu yake ilipita mistari. Shoto alitumia mkono wa kushoto, na mistari yake sikuzote ililala upande huo, mirefu, sambamba, kama majani yaliyopitiwa na maji. Laini aliiona. Alichukua kopo la rangi nyeusi akapulizia juu ya puti ukungu mwembamba, kama walivyofanya siku zote. Ukungu huo ndio shahidi wa fundi: msasa ukipita, unafutika penye mwinuko na kubaki penye bonde na penye mkwaruzo, ili jicho lisidanganywe.

Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu, upande wake. Mkono haukuuliza. Alichukua mia tatu na ishirini, akaizungushia kwenye kibao, akaanza.

Maisha yake yote ya kazi, kila boneti iliyomfikia ilikuwa tayari kwa mia tatu na ishirini. Hakuwahi kuuliza kama iko tayari; kuuliza kungekuwa tusi. Boneti ikiwa mbele yake, basi Shoto amemaliza. Ndivyo dunia ilivyopangwa. Ilipangwa hivyo muda mrefu kiasi kwamba siku mpangaji alipoondoka, mkono uliendelea kupokea.

Msasa ulipita vyema, kwa sauti ndogo kama mtu anayepangusa makombo mezani. Ukungu ulifutika juu. Ndani ya mistari ulibaki, ukaichora ile mistari vizuri zaidi, nyuzi nyeusi kwenye majivu. Fundi yeyote angeelewa: haya ni meno ya themanini, hapa hapajapita mia na themanini, rudi nyuma. Laini naye alielewa, kwa ile sehemu ya kichwa inayoelewa mambo bila kumwambia mwenyewe. Aliendelea kusugua. Msasa ukaisha makali, akachukua mwingine wa namba ileile. Ukaisha huo, akachukua mwingine.

Moshi alipita na kikombe chake mkononi, akainama.

"Hiyo mistari vipi?"

"Itaondoka."

"Kwa hiyo mia tatu na ishirini? Utasugua mpaka uote mvi za kwapani."

"Itaondoka."

Moshi alimtazama usoni, akaona pale hapana mtu wa kutaniwa. "Basi praima itasitiri," alisema kwa upole, akaenda zake. Moshi alikuwa fundi wa mabomba. Kilichomo ndani ya bomba hakionwi na mtu.

Praima ilisitiri. Ilipopulizwa, ikawa tabaka zito, sawasawa, kama maziwa yaliyoganda. Laini akaipiga msasa wa maji, na hapo alikuwa kwao; hakuna aliyemshinda kwa msasa wa maji katika mtaa ule. Shemeji akafunika vioo kwa magazeti. Rangi ikapulizwa, buluu iliyoiva, na juu yake vanishi ya kung'aza. Walipobandua magazeti, Shemeji alisimama mbele ya boneti akajiona mpaka kope.

"Imekuwa kioo," alisema.

Akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. Laini aliliona lile tabasamu akaliweka akilini, kama mtu anavyoona kwamba mvua imenyesha.

"Shemeji, mbona hufurahi?"

"Nimefurahi."

"Haya. Nitaamini."

Gari likasogezwa uani ili rangi ikauke kwa jua. Wakampigia Mkunga simu aje alichukue wiki ikianza.

Asubuhi ya kulichukua, Laini alifika wa kwanza. Jua lilikuwa bado chini, likipiga boneti kwa ubavu. Alitembea kulizunguka gari na ufunguo mkononi, akafika mbele, akasimama.

Ilikuwa imechomoza. Si mmoja wala miwili. Ilikuwa uwanja mzima wa mistari chini ya ule mng'ao, mirefu, sambamba, imelala kushoto. Na haikuwa mistari tu. Katikati, pale tofali lilipopiga, mwanga ulikuwa unapinda kidogo, kama maji yaliyotupiwa kijiwe muda mfupi uliopita. Umbo lenyewe halikuwa limekwisha. Shoto alikuwa bado anachonga alipokwenda kunawa.

Laini aliitazama muda mrefu. Moyo haukumdunda. Alifikiri, bila haraka: hili gari limetoka ovyo. Akafikiri: kwa hiyo anafunga.

Moshi alikuja nyuma yake, akaona, akapiga mluzi mdogo.

"Sasa sikiliza," alisema kwa kunong'ona, ingawa hapakuwa na mtu mwingine. "Paka nta. Nta nzito, isugue mpaka ijae kwenye mistari. Kisha geuza gari liangalie kivulini. Mama wa watu ataona kioo, ataondoka. Mistari ikirudi itakuwa juani kwake, si juani kwetu."

"Itarudi."

"Kila kitu kinarudi, bwana, ila aliyekufa. Paka nta."

Laini alichukua kopo la nta na kitambaa. Akaanza kusugua kwa duara ndogondogo, na kweli, mistari ikaanza kuzama. Alikuwa amefika nusu ya boneti Shemeji alipoingia, mkoba bado begani.

"Mbona unapaka nta rangi bado changa?"

Aliendelea kusugua. Shemeji akasogea. Upande uliopakwa uling'aa. Upande wa pili alisimama akauangalia, akainama, akauangalia tena kutoka chini.

"Hii nini?"

"Mistari."

"Naona ni mistari. Imetoka wapi?"

Aliweka kidole cha shahada juu ya mstari mmoja, akaufuata. Ukampeleka kushoto. Akashika mwingine. Kushoto. Akatoa kidole taratibu.

"Huu mkono naujua," alisema.

Moshi alijifanya kutafuta kitu mfukoni.

"Ulipiga mia na themanini?" Shemeji aliuliza.

"Mia na themanini si yangu."

Maneno yalitoka hivyo, na yalipokwisha kutoka, Laini mwenyewe aliyasikia.

"Ni ya nani?"

"Ya kaka."

"Kaka yupi?"

Barabarani mtu alikuwa anawasha pikipiki inayokataa kuwaka. Waliisikiliza wote watatu ikikataa, ikikataa, mpaka ikawaka ikaondoka.

"Ulimngoja," alisema Shemeji. "Ulisimama hapa na kibao chako, ukamngoja amalize."

"Sikumngoja. Nilidhani amemaliza."

"Amemaliza!" Shemeji alicheka, na kile kicheko hakikuwa kizuri kukisikia. "Yule mtu amemaliza nini? Mlango wa jiko umening'inia kwa bawaba moja. Mwanawe amemfundisha baiskeli, kugeuka hajamfundisha, kila siku anaishia kwenye ukuta wa jirani. Tulikuwa tunagombana asubuhi ile, akaniambia neno, mimi nikafungua mdomo nimjibu, yeye akachukua kofia akaja kazini. Mpaka leo nimefungua mdomo. Nagombana peke yangu, shemeji. Nasema ya kwangu, nasema na ya kwake, na bado ananishinda." Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Hakuna alichomaliza. Usimsingizie."

Laini alisimama na kitambaa.

"Na hiyo nta?"

"Mkunga anakuja."

"Ulitaka aondoke nayo hivyo?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Ilibidi alitafute jibu, na alipolipata lilimshangaza kidogo kwamba lilikuwapo.

"Ili usifunge."

Shemeji alimtazama. Alinyoosha mkono akachukua kopo la nta, akalifunika kifuniko chake, akalikandamiza kwa kiganja mpaka likalia. Alipoinua kichwa, Mkunga alikwishaingia uani.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kutembelea mbali na mkoba mkubwa ambao hakuuachia hata mara moja. Nusu ya watoto waliokuwa wakipita barabara ile aliwatoa yeye.

"Hamjambo hapa. Gari langu liko wapi? Watu wanadhani watoto wanangoja mkunga apate usafiri. Hawangoji, wanatoka tu."

"Hatujambo, mama," alisema Laini. "Gari halijawa tayari."

"Mbona nalikuta linang'aa?"

"Njoo upande huu, jua liwe mbele yako. Inama kidogo."

Mkunga aliinama, mkoba kifuani. Akakunja macho.

"Hizo ni nyufa?"

"Ni alama za msasa. Niliruka hatua. Na pale katikati umbo halijakaa sawa." Akaongeza, "Kosa ni langu, si la marehemu."

"Na kama usingeniambia?"

"Ungeondoka nayo."

"Tungeweza kuipaka nta, mama," alisema Moshi, akidhani bado pana nafasi ya kuokoa jambo.

"We Moshi!" Shemeji alimkemea.

Mkunga alimgeukia Moshi. "Mimi mtoto akija miguu mbele, simwambii mama yake tumpake nta." Moshi akaenda kusimama kwenye banda lake. Mkunga akamrudia Laini, na hasira yake ilikuwa ya kweli, ya mtu aliyechoka kuomba lifti. "Nimewasubiri mzike. Nimewasubiri mmalize msiba. Sikupiga simu hata mara moja, kwa sababu najua kufiwa. Lakini mimi kazi yangu haina kiti cha kungojea. Sasa niambie, lini?"

Laini aliona swali lile halikuwa lake. Alimtazama Shemeji, na ndipo akagundua kwamba amekisokota kile kitambaa cha nta mpaka kimekuwa kamba. Hakujua kama ni woga. Alikuwa amesahau woga unakaa wapi.

Shemeji alijipangusa viganja kwenye sketi yake.

"Njoo wiki ijayo, mama. Ukikuta bado, utakaa hapa utusimamie."

"Nitawakuta? Huko nje nasikia mnafunga."

"Nani kasema?"

"Si ni mtaa. Mtaa una midomo."

Shemeji aliitazama boneti, upande uliopakwa nta na upande usiopakwa.

"Tupo," alisema.

"Wewe na nani?"

"Mimi na huyu."

Mkunga aliwapima wote wawili kwa jicho lile analopimia wajawazito, akaona alichokiona, akakaza mkoba. "Wiki ijayo," alisema. Akatoka kwenda kutafuta lifti.

Walilisukuma gari ndani ya banda. Laini alikwenda kwenye rafu. Alisimama mbele ya upande ule mwingine kitambo, kama mtu aliyebisha hodi na hajaitikiwa. Kisha akachukua boksi la themanini, akatoa karatasi, akaipitishia kidole gumba. Ilikuwa kali kuliko alivyokumbuka. Kwa kweli hakuwa na cha kukumbuka.

Msuguo wa kwanza uliua ule mng'ao wote. Sauti yake ilikuwa ya gunia linaloburutwa kwenye changarawe. Vumbi la buluu lilipanda, likafuatiwa na jeupe la praima. Shemeji alirudi nyuma hatua moja, akajifunga kitambaa puani, akabaki palepale. Laini alisugua. Buluu ilikwisha, praima ikakonda, na chini yake puti ya majivu ikatokea na mistari ya Shoto juu yake, mipya kabisa, kana kwamba imepigwa leo.

Kibao kikasimama.

"Endelea," alisema Shemeji.

"Nikiendelea haitabaki."

"Najua haitabaki. Ndiyo kazi yenyewe."

Aliendelea. Yeye alikuwa wa mkono wa kulia, na mistari yake ililala upande mwingine. Kwa muda ikapishana na ile ya kaka yake, ikafanya vijumba vidogovidogo kama wavu. Kisha vijumba vikaanza kuvunjika. Alitazama mkwaruzo mmoja mrefu, wenye kina kuliko mingine, ukikatika vipande, kipande cha mwisho karibu na ukingo kikikaa kwa ukaidi msuguo baada ya msuguo. Halafu hakikuwapo. Shemeji, aliyekuwa akikitazama hichohicho, alishusha pumzi ndani ya kitambaa chake. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Mikono yake ilikuwa imeshika ukingo wa boneti isitikisike.

Laini hakulia. Alichokipata ni maumivu ya vidole. Themanini ilikuwa imemla ncha za vidole pale vinapozidi kibao, na ngozi ilimwasha, ikachoma, na jasho lilipofika hapo akavuta pumzi kwa meno. Alivigeuza vidole akavitazama. Vilikuwa vyekundu.

"Vinauma?" Shemeji aliuliza.

"Vinauma."

"Vya kaka yako vilikuwa na sugu. Alikuwa akimbeba mtoto, mtoto analia kwa kukwaruzwa."

Alipitisha kiganja juu ya puti, macho amefumba. Bonde la tofali lilikuwa limekaribia kwisha. Palibaki mwinuko mdogo, mdogo sana, pembeni. Alitaka kuumaliza. Aliinua kibao, akakishusha, akakiinua tena. Hapa ndipo alipogundua kwamba hajui. Yeye alijua kuanza na boneti iliyo tayari. Ukali unakomea wapi, hakuwahi kufundishwa, na hakuwahi kuuliza.

"Shemeji, alikuwa anajuaje kama imetosha?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nilikuwa na magazeti yangu."

"Ulikuwa karibu naye."

Shemeji alifikiri. "Kutazama sikuwa natazama. Nilikuwa nasikia, maana yule mtu alikuwa anaongea na vifaa kuliko anavyoongea na mimi. Alikuwa anasema themanini ni mlafi. Mwondoe mezani kabla hajashiba, amwachie mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Si ni mia na themanini! Fundi gani wewe?"

Laini alipitisha kiganja tena juu ya ule mwinuko. Mkono ulitamani msuguo mmoja tu. Aliuzuia. Akakivua kibao ile karatasi ya themanini, akaikung'uta, akachukua mia na themanini na kuizungushia, akiikunja kingo vibaya kwa sababu karatasi yake ilikuwa nene kuliko alizozizoea. Akaanza, na kwa kuwa hakujua uzito wa mkono unaotakiwa, akakandamiza kwa nguvu zote.

"Taratibu wewe!" Moshi alipaza sauti kutoka bandani kwake. "Hiyo ni boneti, si kisigino!"

Shemeji alicheka ndani ya kitambaa, akakohoa vumbi, akacheka tena.

Laini alilegeza mkono. Mistari ya themanini, safari hii ya kwake mwenyewe, ikaanza kufifia.